Namna ya Kumshukuru Mzaramo

Mtu aliyebeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo mara tano hatarajiwi kushindwa kubeba jogoo mmoja kutoka nyumbani kwake hadi kwa mwalimu wa mtoto wake, mwendo wa hatua mia mbili, tena za kuteremka. Kibwana alishindwa. Si kwamba jogoo alikuwa mzito. Jogoo alifika salama, akawika, akarudishwa. Kilichoshindwa kufika ni neno moja tu ambalo Kibwana alikuwa nalo mdomoni tangu alfajiri, neno ambalo hata mtoto wa miaka miwili hulisema akipewa kipande cha muwa: asante.

Kibwana alikuwa Mnyamwezi wa Unyanyembe, na miguu yake ilikuwa imesoma kuliko kichwa. Elimu aliipata kama mtu anayeokota kuni njiani, kijiti hapa, kijiti pale. Bagamoyo alisoma sura tatu kwa shehe mmoja. Alipokuwa anaianza ya nne, ngoma ya msafara ikalia, akajitwika akaenda. Kwa mapadre alijifunza herufi za Kizungu hadi ya kumi na moja, na zile zilizobaki aliziona maisha yake yote kama watu wa kijiji alichokipita bila kusimama. Kwenye tuta la reli Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyekundu alimfundisha kuhesabu kwa Kijerumani hadi ishirini, na hesabu hiyo ilimtosha, maana hakuwahi kumiliki vitu zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja.

Safari zake zilimwishia Mlali, chini ya milima ya Uluguru, siku homa ilipomwangusha kando ya shamba la mwanamke mmoja aitwaye Mwaisha. Mwaisha alimpa uji. Kibwana akaukubali uji ule, na miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa bado anaunywa. Nyumba ilikuwa ya Mwaisha, shamba lilikuwa la ukoo wa Mwaisha, na mtoto wao Chausiku, kwa desturi ya Waluguru, alikuwa wa ukoo wa mama yake, chini ya mjomba wake Abasi. Kibwana mwenyewe alikuwa kama mgeni aliyesahau kuaga. Hakulalamika. Alikuwa na mali moja ambayo hakuna ukoo ambao ungeweza kuidai, nayo ni ulimi.

Mtoto hakuurithi. Chausiku alikuwa na kigugumizi. Neno lilimfika kwenye meno likakwama, likapiga hodi mara tano, mara sita, na watu hawakuwa na subira ya kungoja mlango ufunguliwe. Watoto wenzake walimwiga. Mwalimu wa kwanza aliyepelekewa, kijiji cha jirani, alimsikiliza siku tatu kisha akasema ulimi wa mtoto huyu umefungwa tangu tumboni, mpelekeni shamba. Wakampeleka shamba. Alipofika miaka tisa alikuwa amekwisha kuacha kusema na mtu yeyote asiye wa nyumbani. Akitumwa kwa jirani kuomba moto, alisimama mlangoni na kigae mkononi mpaka mwenye nyumba akisie mwenyewe.

Ndipo akaja Maalimu Yunusi kufungua chuo cha Kurani. Alikuwa Mzaramo wa upande wa Kisarawe, mwembamba, mwenye kofia nyeupe kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana Mlali. Kibwana aliposikia kuwa mwalimu ni Mzaramo alifurahi kama mtu aliyeokota kisu chake kilichopotea, kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani.

Utani huo nani aliuanza hakuna ajuaye. Wazee husema ni mambo ya njia ya misafara: Mnyamwezi alipita Uzaramo na mzigo kichwani, Mzaramo alikaa kivulini akamcheka, na tangu hapo wakawa kitu kimoja. Mtani akikutukana, hukasiriki. Akichukua kitu chako, hukidai. Unakikomboa kwa maneno. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha watu msibani, na yeye huyo ndiye anayeshika jembe kwenda kuchimba kaburi. Yote hayo yamepangwa vizuri na wazee. Jambo moja tu walisahau kulipanga: mtani akikutendea wema mkubwa, unamwambiaje?

Kibwana hakuliwaza hilo wakati ule. Siku ya kwanza kabisa alimvua Maalimu kofia, akamvika mbuzi, akawaambia watu, "Huyu hapa ndiye msomi wenu. Yule mwingine ni mchungaji wake."

Maalimu alimtazama mbuzi kwa makini. "Kweli amenizidi," akasema. "Amekaa na Mnyamwezi asubuhi nzima na bado hajajitwika mzigo."

Ramadhani ya kwanza Kibwana alimpelekea futari ya mawe saba ya mtoni, yamefunikwa vizuri kwa kawa. Bakuli likarudi limeoshwa, na salamu kwamba yameiva sana, chumvi tu ndiyo imepungua. Watu wa Mlali walikuwa wakitoka mashambani mapema ili wasipitwe na maneno ya wawili hawa.

Sasa, mpunga ulipokomaa, Chausiku alikuwa akikaa juu ya dungu kuamia ndege. Kazi ya kuamia ni kelele. Unapiga debe, unatupa udongo kwa kombeo, na unaimba. Chausiku alikuwa na wimbo wake: nenda zako, nenda zako, mpunga huu una mwenyewe, mwenyewe ana kombeo, kombeo halina huruma. Maalimu Yunusi alipita njia ya shamba akiwa anakwenda kuoga mtoni. Akasimama. Akasikiliza wimbo mara tatu, na neno halikukwama hata moja. Akasogea chini ya dungu.

"Nani anakusaidia kuimba huko juu?" akauliza.

Chausiku alitikisa kichwa: hakuna.

"Basi kesho njoo chuoni. Alifu nayo ina wimbo."

Akamfundisha hivyo. Herufi zote kwa wimbo ule ule wa ndege, kwanza na wenzake, kisha peke yake. Baada ya herufi, aya. Baada ya aya, sura. Hakumpiga hata siku moja. Miaka miwili baadaye, siku ya hitima yake ya kumaliza chuo, Chausiku alikaa mbele ya Mlali nzima akasoma juzuu ya Amma kutoka mwanzo hadi mwisho kama maji yanayoteremka kutoka mlimani. Kwenye mazungumzo alikuwa bado anakwama. Kwenye kusoma, hapana. Mwaisha alipiga vigelegele. Kibwana aliondoka akazunguka nyuma ya nyumba, akasema anamtafuta mbuzi. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, yuko chunguni, na kila mtu alijua.

Wiki mbili baada ya hitima, Maalimu alitangaza msikitini kwamba ndugu yake amefariki kule kwao, mama yake amebaki peke yake, na yeye ataondoka Alhamisi ijayo, akapande gari la moshi Morogoro arudi pwani. Watu wakasikitika. Kibwana alihesabu siku zilizobaki kwa Kijerumani. Zilikuwa sita, na mguu wa Mnyamwezi unajua kwamba mtu akishapanda gari la moshi si kama mtu wa msafara. Humfikii tena kwa kuamka mapema.

Jumamosi akamkamata jogoo.

Alikuwa ameyapanga maneno: Maalimu, mimi ni baba wa Chausiku, umemtendea mtoto wangu wema, pokea. Aliyarudia njia nzima. Maalimu alikuwa barazani na wanafunzi ishirini hivi. Alimpokea jogoo, akamgeuza kichwa chini, akamchungulia chini ya mbawa zote mbili.

"Mtani," akasema, "mwenyewe anajua kuwa huyu yuko safarini?"

Wanafunzi wakacheka. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza, angengoja kicheko kipite kama manyunyu, kisha angesema lake. Kibwana alijua hivyo. Aliyaona kabisa maneno yake yamejipanga mstari mmoja kama wapagazi wanaongoja kujitwika. Halafu ulimi ukaenda zake peke yake.

"Mwenyewe si ni wewe," akasema. "Nilimchukua kwako juzi ulipokuwa umesujudu."

Baraza likavunjika mbavu. Maalimu akamtuma mwanafunzi akahesabu kuku wake. Jioni jogoo akarudi nyumbani kwa Kibwana, kwapani mwa mwanafunzi yule yule, na salamu: Maalimu anasema kuku wake wote wapo, kwa hiyo huyu atakuwa wa Mama Chausiku, na yeye hali kitu alichoibiwa mwanamke na mume wake. Na kweli jogoo alikuwa wa Mwaisha, naye hakuwa ameulizwa.

"Umemshukuru mwalimu wa watu?" Mwaisha akauliza, akimfungua jogoo kamba.

"Nilikaribia."

"Ulikaribia wapi, Baba Chausiku?"

"Barazani. Neno lilifika mpaka barazani."

"Na jogoo wangu ndiye aliyelisindikiza." Akamwachia jogoo. "Wewe mwanamume ungeweza kumchekesha malaika Munkari kaburini, lakini asante inakushinda."

Jumapili akapata wazo la waraka. Karatasi haina ulimi, akawaza. Karatasi itasema lililoandikwa na basi. Akamkalisha Chausiku na kalamu ya unyasi na wino, akaanza kusema yeye, mtoto aandike.

"Kwa mheshimiwa sana, nguzo ya dini, taa ya Mlali."

"T-t-taa ya Mlali, baba?"

"Andika. Ama baada ya salamu, mimi baba wa mtoto nimeona uliyoyafanya. Nimeona, na moyo wangu umejaa." Akajisikia vizuri. Lilikuwa linakwenda. "Umejaa shukrani kwako wewe, Mzaramo wa kwanza kufanya kazi tangu dunia iumbwe."

Chausiku aliweka kalamu chini. "H-hilo limetoka w-wapi?"

"Limetoka lenyewe."

"N-nilifute?"

Lakini karatasi ilikuwa moja, na wino ulikuwa umekwisha kukauka. Wakaupeleka waraka hivyo hivyo. Ukarudi Jumatatu. Maalimu, ambaye mkono wake haukuweza kupita juu ya kosa ukaliacha, alikuwa amerekebisha herufi mbili, na chini ameandika mstari. Chausiku akausoma kwa sauti yake ya kusomea, bila kukwama popote: "Chausiku, mwandiko wako mzuri, herufi mbili tu umekosea. Aliyekusomea maneno amekosea yote."

Jumanne Kibwana akapanda kwa shemeji yake. Abasi alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wa mahindi na maharage, na kila alichofanya alikifanya kama kilivyofanywa na mjomba wake kabla yake. Kibwana alimkuta akitengeneza mpini wa jembe.

"Shemeji," Kibwana akasema, "wewe umempelekea Maalimu nini?"

"Kanzu na mbuzi. Kwa niaba ya ukoo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante. Akaniambia hapana shida. Tukala."

Kibwana alimtazama kwa wivu mkubwa. "Nisemee na mimi. Wewe Mluguru, ninyi na Wazaramo ni ndugu, mnasikilizana. Mimi nikimwona nacheka. Nikinyamaza, anapekua bakuli kutafuta mawe."

Abasi alichonga kidogo, akapima mpini kwa jicho. "Mtoto ni wetu," akasema. "Hilo unalijua. Akilipiwa mahari tutapokea sisi, akifanya kosa tutaulizwa sisi. Lakini asante ya baba mimi sina, shemeji. Mdomo wangu una ya mjomba tu, nayo nimeshaitoa."

Kibwana aliteremka kwa mawazo. Alikuwa amekaa Mlali miaka yote hiyo akidhani hana chake hapa. Sasa amegundua anacho kimoja, na hakuna wa kumsaidia kukibeba.

Neno hilo la kubeba ndilo lililomwokoa, au ndivyo alivyodhani. Akajipiga paji la uso njiani. Mnyamwezi ana nini duniani zaidi ya shingo? Kanzu kila mtu anatoa, mbuzi kila mtu anatoa. Yeye atambebea Maalimu sanduku lake hadi Morogoro, kichwani, kama vile la sultani. Mtu akikubebea mzigo hana haja ya kusema kitu. Mzigo wenyewe unasema. Siku alipooa alikuwa ameapa kwamba hatajitwika tena kitu chochote, na kiapo hicho alikishika vizuri mno: kuni alibeba Mwaisha, maji alibeba Mwaisha, na siku paa lilipovuja, ngazi alibeba Mwaisha. Sasa akajiona mtu mwema sana kwa kukivunja.

Alhamisi alfajiri vijana wawili waliokuwa wamepangwa kubeba sanduku walikuta halipo. Kibwana alikuwa ameshalikita juu ya kata ya nguo kichwani na anashika njia. Lilikuwa sanduku la mninga, limejaa vitabu, na lilipomkalia alisikia shingo ikisema neno moja la Kinyamwezi ambalo hakuwa amelisikia siku nyingi.

Waliokuja kuaga wakacheka mpaka wakashika magoti. "Maalimu, mtani wako ameteka sanduku."

"Nimeona," Maalimu akasema, akivaa makubazi yake haraka. "Mtani, nilikomboe kwa nini?"

"Halikombolewi," Kibwana akajibu bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka.

Kwa hiyo Maalimu naye akalichukua kama utani, kama alivyochukua yote. Akawaaga watu, akamfuata, na Chausiku, aliyepewa ruhusa na mama yake kumsindikiza mwalimu, akaja nyuma na mkeka wa Maalimu umeviringishwa kichwani.

Saa ya kwanza ilikuwa ya raha. Shingo ilikumbuka kazi. Milima ilikuwa upande wa kulia, imevaa mawingu mabegani, na Kibwana aliimba nyimbo za wapagazi, zile zinazoimbika mbele ya watoto, akawatukana Wazaramo wote kwa mpango, kuanzia wa pwani akipanda bara: kwamba wanakaa chini ya mnazi kungoja nazi, na ikianguka mbali wanaisamehe. Maalimu alijibu kwamba Mnyamwezi akizaliwa hafungwi nepi, hufungwa furushi. Chausiku alicheka nyuma yao. Saa ya pili Kibwana aliimba nusu nusu. Saa ya tatu hakuimba.

"Mbona kimya, mtani?" Maalimu akauliza. "Misafara ya Ujiji ilikuwa ya mabubu?"

Kibwana alikuwa anahesabu hatua kwa Kijerumani, na kila akifika ishirini ilimbidi aanze tena, na ishirini zilikuwa zinazidi kuwa ndefu. Umri wake hakuujua sawasawa. Siku hiyo aliujua.

Waliufikia mto Ngerengere, pale unapopita mwembamba juu ya mawe kabla haujawa mto wa maana. Akaingia majini. Katikati goti la kushoto likakataa, la kulia likasita, na kwa mwendo ambao haukuwa wa Mnyamwezi wala wa mtu yeyote mwenye heshima zake, akapanda ukingo wa pili akiwa nusu anatembea nusu anaanguka, akalitua sanduku juu ya majani. Kavu. Hilo alilihakikisha. Kisha akaketi kando yake ghafla, kama gunia lililokatwa kamba.

Maalimu akavuka akiwa ameshika kanzu. "Ndiyo hivyo tu? Nasikia mara tano hadi Bagamoyo."

Na Kibwana akaona, kwa mara ya kwanza katika siku sita, kwamba hana jibu. Alitafuta tusi. Mdomo ulikuwa mtupu kama mtungi wa kiangazi. Pumzi yote ilikuwa imekwenda shingoni. Lililobaki mle ndani lilikuwa lile neno tu. Akaona: sasa, kabla ulimi haujaamka. Akafungua kinywa.

"Ma... ma... maa..." Pumzi ikakatika. Akavuta nyingine. "A... a... a..."

Uso wa Maalimu ukabadilika. Kibwana alikuwa amemwona mtu huyu akivuliwa kofia, akilishwa mawe, akiitwa mvivu mbele ya wanafunzi wake, na hakuwahi kuuona uso huo.

"Mtani," Maalimu akasema polepole. "Mimi umenifanya yote, nami nimecheka. Lakini hilo la mtoto? Mbele yake mwenyewe? Hilo halimo katika utani wa wazee wangu wala wako. Niachie sanduku langu, rudi nyumbani."

Kibwana alitikisa kichwa kwa nguvu. Alitaka kusema siyo, nisikilize, siyo hivyo. "Si... si... si..." ndicho kilichotoka, na kila alivyojitahidi ndivyo kilivyozidi kufanana na kosa analolikana. Maalimu alikuwa ameshainama kushika kishikio cha sanduku. Miaka miwili ya wema, siku sita za kutafuta neno, na hivi ndivyo itakavyokwisha: Mzaramo ataondoka akiamini kwamba baba wa Chausiku alimcheka Chausiku.

Chausiku akatua mkeka.

"H-h-haniigi," akasema. Maalimu akanyoosha mgongo, akangoja. "P-p-pumzi imemwishia, Maalimu. A-a-anataka kukuambia kitu. T-t-tangu Jumamosi. N-na sasa analia."

"Silii," Kibwana akasema. Hilo lilitoka zima. "Ni jasho."

"J-jasho halitoki hapo, baba."

Maji ya Ngerengere yakaendelea na safari yake. Kibwana alifuta uso kwa kiganja, akatazama majani ya miguuni pake kwa sababu akimtazama Maalimu ataharibu, akasema, "Asante. Kwa mtoto." Akangoja ulimi uongeze kitu. Haukuongeza. "Basi," akasema. "Ni hilo tu."

Maalimu Yunusi aliketi juu ya sanduku lake. Alivua kofia mwenyewe, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena.

"Sasa mimi nijibu nini?" akauliza.

"Sijui. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Iwe na ya mwisho. Umenitisha." Akakohoa. "Watu wote wa Mlali wamepita kwangu wiki hii kushukuru. Hata yule mwenye mtoto aliyetoroka chuo. Nikasema, hebu tuone, Mnyamwezi yule ataniacha niende hivi hivi? Usiku nikawa nauwaza ule waraka wako, natafuta kama kuna neno moja ndani la kweli."

"Lilikuwepo. Mstari wa tatu."

"Nililiona. Halafu nikafika wa nne."

Wakakaa kidogo, watu wazima wawili wanaoona haya mbele ya mtoto. Kisha Maalimu akasimama, akakata mti kichakani, wakalifunga sanduku katikati kwa kamba ya mkeka, wakalibeba mzegazega, huyu mbele huyu nyuma. Walipoingia Morogoro askari mmoja stesheni aliwasimamisha. Akauliza nani ndiye abiria na nani ni mpagazi. Kila mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole, na askari, ambaye alikuwa na kazi nyingine siku hiyo, akawaachia wapite.

Gari la moshi lilipopuliza, Maalimu alichungulia dirishani. "Mtani," akaita, "shingo ikipona nijulishe. Nyumbani nina kabati."

Kibwana alifungua kinywa amjibu kwa kishindo, watu wote wasikie. Kilichotoka ni "safari njema", kama ya mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata baraza la Mlali lilijaa. Watu walitaka habari, na Kibwana, ambaye siku mbili alikuwa amekandwa shingo kwa maji ya moto na Mwaisha, alikuwa amekwisha kurudiwa na pumzi. Akaanza. Sanduku lilikuwa zito kuliko pembe za ndovu mbili. Jua lilikuwa kali kuliko la Ugogo. Mzaramo alimsihi alitue, alimlilia, akataka kulishika upande mmoja, naye Kibwana akakataa, akalibeba peke yake, kwa mkono mmoja wakati mwingine, bila kutua hata mara moja, mpaka stesheni Morogoro, ambako Wajerumani wawili walisimama kumtazama.

"M-m-m..."

Watu wakageuka. Chausiku alikuwa amesimama pembeni mwa wanawake, na baraza zima lilikuwa linamtazama. Zamani nusu ya macho yale yangemfukuza mpaka mtoni. Hakuondoka. Neno lilikuwa limekwama, likipiga hodi, na yeye alisimama tu akilingoja, bila haraka, kama mtu aliye mlangoni kwake mwenyewe. Kibwana alilijua neno lenyewe. Angeweza kulizuia kwa mzaha, au angelimalizia kwa namna ya kumfaa yeye, kama alivyofanya miaka yote. Akaketi akangoja na watu wengine.

"M-mpaka mtoni, baba," Chausiku akasema. "Kisha m-m-mkabeba wawili."

Baraza likacheka mpaka Abasi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akaegemea nguzo. Kibwana alikuna shingo yake iliyokuwa bado inauma.

"Mpaka mtoni," akakubali, na kimoyomoyo akamtukana yule Mzaramo, huko aliko, kwa kumharibia hadithi zote zilizobaki.